Chembe za Jeli Zijuazo Wakati wa Kutoa Dawa

Yeyote katika sisi aliyewahi kuuguza mgonjwa nyumbani aijua taabu ya kumpa dawa kwa saa zake. Asubuhi kidonge, adhuhuri kidonge, usiku kidonge. Na pengine usingizi humchukua muuguzi, saa ikapita. Lakini hata saa zikishikwa sawasawa, liko jambo jingine tusiloliona kwa macho. Kidonge kikishayeyuka tumboni, dawa huingia katika damu kwa wingi, na damu huipeleka kila pembe ya mwili, penye maradhi na pasipo maradhi. Kwa muda dawa huwa nyingi kupita haja, kisha hupungua mpaka ikawa chache kuliko haja, ndipo wakati wa kidonge kingine ufike. Mgonjwa huishi baina ya kuzidi na kupungua.

Wataalamu wa kemia na wa utabibu wamejiuliza kwa miaka mingi: je, haiwezekani dawa ikafungwa ndani ya kitu kidogo mno, kitu hicho kikaingia mwilini hali kimeishika dawa yake, wala kisiiachie ila kikutane na alama fulani, kama vile tindikali kupungua, joto kuzidi, chumvi kukigusa, au sukari kupanda katika damu? Jibu ni kwamba yawezekana. Kwa mambo mengine imekwisha kuwa, na kwa mengine bado. Na kitu chenyewe si chuma wala mtambo, bali ni jeli.

Jeli twaijua sote jikoni. Mama wa nyumba wa pwani atengenezapo faluda, huchukua zile mbegu nyeusi za tukmaria akazitia katika maji, na baada ya dakika chache kila mbegu huvaa koti la ute, ikawa kubwa mara kadhaa kuliko ilivyokuwa. Maji yameingia na hayamwagiki. Ukichukua bamia nayo ina ute, lakini ute wa bamia hutiririka ukaishia katika mchuzi. Tofauti ya kitu kinachotiririka na kitu kinachosimama imo katika mafundo. Fikirini nyuzi ndefu nyembamba zilizo ndani ya maji: zikiwa zimelegea, kila moja peke yake, maji huwa mazito tu. Lakini zikifungwa pamoja hapa na pale, kama mvuvi afungavyo wavu, huwa kitu kimoja chenye umbo lake, na maji hukaa katika macho ya wavu huo. Wavu wa namna hiyo, wenye kupenda maji na usioyeyuka ndani yake, ndio wataalamu waitao haidrojeli, yaani jeli ya maji. Katika baadhi ya jeli hizi, zaidi ya sehemu tisini katika mia ni maji matupu, na bado waweza kuishika mkononi.

Sasa natusogee hatua moja. Wavu wa mvuvi hauna hiari; macho yake ni yale yale asubuhi na jioni. Wavu wa jeli waweza kutengenezwa macho yake yafunguke na kujifunga kwa kufuata hali ya maji yaliyouzunguka. Na jambo hili mtu aweza kulijaribu nyumbani bila ya gharama. Ndani ya nepi za dukani wavishwazo watoto mna unga mweupe ambao ni jeli kavu. Pasua nepi mpya, utoe unga kidogo, utie katika bilauri na umiminie maji: utavimba mara moja ukawa kama theluji iliyolowa. Halafu nyunyiza kijiko cha chumvi juu yake na ukoroge. Utaona jeli yanyong'onyea, na maji yaliyokuwa yamefungwa yamwagika tena. Hakuna aliyeikamua, ni chumvi tu iliyoingia. Sababu yake ni hii: nyuzi za jeli ile zina umeme wa namna moja, kwa hiyo zasukumana na wavu watanuka, chumvi ikiingia huuzima ule msukumano, na wavu hujikunja. (Wenye watoto wadogo wauweke unga huo mbali nao, maana haufai kuliwa.)

Basi mkishayaona hayo katika bilauri, mmekwisha kuelewa nusu ya habari yote. Kinachobaki ni kuitia dawa katika wavu kabla haujajifunga, au wavu ukiwa wazi kisha ukafungwa, na kuchagua ni kitu gani katika mwili kitakachokuwa badala ya chumvi.

Mwaka 1960 wataalamu wawili wa Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walitangaza katika jarida la Nature kwamba jeli za maji zilizotengenezwa kwa mkono wa mwanadamu zafaa kuwekwa karibu na viungo vya mwili bila ya kuvidhuru. Wichterle ndiye yule aliyetengeneza lenzi laini za kuvaa ndani ya jicho. Mwishoni mwa mwaka 1961, akiwa nyumbani kwake, aliunda mashine ya kuzungushia lenzi hizo kwa vyuma vya kuchezea vya watoto wake na dainamo ya baiskeli. Tumeitaja habari hii kwa kuwa wako wazazi wengi wawakatazao watoto wao kufungua na kuunga vitu, na huku lenzi zile leo huvaliwa na mamilioni ya watu.

Kisha mwaka 1978, huko Massachusetts katika Marekani, Mjapani Toyoichi Tanaka alionyesha jambo lililowashangaza wengi: kwamba jeli yaweza kubadili ukubwa wake ghafula. Ukiigeuza hali ya maji kidogo kidogo, jeli haionyeshi kitu; ukiongeza tone moja tu zaidi, yajikunja kwa mara moja ikawa ndogo mno. Mwaka uliofuata Tanaka na mwenziwe Fillmore wakaeleza kanuni ya mwendo wa kuvimba. Kanuni hiyo ndiyo iliyowapeleka wataalamu kwenye chembe ndogo ndogo, nayo ni nyepesi kuielewa. Pande la jeli likiwa dogo mara kumi kuliko jingine, litavimba au kujikunja upesi si mara kumi bali mara mia. Likiwa dogo mara elfu, litakuwa upesi mara milioni. Kwa hiyo pande la ukubwa wa kifundo cha kidole, ambalo huchukua siku nyingi kujibadili, likigawanywa kuwa chembe zisizoonekana kwa jicho, kila chembe hujibadili kufumba na kufumbua. Na mwili haungoji siku nyingi.

Chembe hizo hupimwa kwa maikromita. Maikromita moja ni sehemu moja katika elfu ya milimita, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita saba au nane. Chembe za jeli nyingine ni ndogo kuliko hiyo, nyingine ni kubwa kama punje ya mchanga laini. Njia moja ya kuzitengeneza haina ajabu kwa mpishi: huchukuliwa maji yenye nyuzi zilizolegea, yakapigwapigwa ndani ya mafuta mpaka yakawa matone madogo madogo, kisha nyuzi zikafungwa mafundo ndani ya kila tone. Njia nyingine hutumia alijinati, ute utokao katika mwani wa rangi ya kahawia: hudondoshwa tone tone katika maji yenye chokaa ya kalisi, na kila tone hugeuka kuwa ushanga wa jeli papo hapo.

Alama ambayo mwili waitoa bila ya kuombwa ni tindikali. Tumbo lenye njaa lina tindikali kali, na kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho namba ikiwa ndogo ndipo ukali huwa mwingi, tumbo huwa baina ya 1 na 3. Chakula kikishuka katika utumbo mwembamba, kipimo hupanda mpaka 6 au 7. Yaani kila kimezwacho hupita mlango wa tindikali kisha kikatoka nje yake. Dawa ya kiungulia iitwayo Gaviscon hutumia mlango huo huo: alijinati yake ikikutana na tindikali ya tumbo hugeuka jeli, na povu la hewa huiinua ikaelea juu ya kilichomo tumboni kama chelezo, ikazuia tindikali kupanda kooni. Watu waitumia kila siku wala hawajui kwamba ndani yao jeli imetii amri.

Lakini lengo kubwa lilikuwa insulini. Tangu Banting na Best walipoipata katika mji wa Toronto mwaka 1921, na kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa sindano yake ya kwanza tarehe 11 Januari 1922, insulini imeokoa roho zisizo na hesabu. Na karibu zote zimeokolewa kwa sindano. Kwa nini isimezwe? Kwa kuwa insulini ni protini, na tumbo haliitambui kuwa ni dawa. Laiona kama kipande cha nyama, likaiyeyusha. Na hata ikisalimika, molekuli yake ni kubwa, na ukuta wa utumbo hauipitishi kwa urahisi.

Mtaalamu Nicholas Peppas na wenziwe, miongoni mwao Wajapani, walitengeneza chembe za jeli zenye nyuzi za namna mbili. Katika tindikali nyuzi hizo hushikana mkono, wavu ukajifunga na insulini ikabaki ndani. Zikifika penye tindikali chache, nyuzi huachana, hupata umeme wa kusukumana, wavu ukatanuka na insulini ikatoka. Zaidi ya hayo, jeli yenyewe hunata katika ute wa ukuta wa utumbo, na hupunguza nguvu za vimeng'enya vyenye kuila protini. Mwaka 1999 walitangaza kwamba panya wenye kisukari waliolishwa chembe hizo walishuka sukari kwa muda wa saa kadhaa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini katika insulini iliyolishwa, iliyofika katika damu ilikuwa sehemu ndogo tu, nyingi ikapotea njiani. Na insulini haivumilii ubahatishaji, kwani leo ikiingia kidogo na kesho ikaingia nyingi, mgonjwa huzimia.

Wengine walitaka zaidi ya hapo. Walisema: kwa nini tungoje tindikali, na ilhali sukari yenyewe yaweza kuwa ndiyo ufunguo? Katika miaka ya 1980 zilitengenezwa jeli zilizotiwa kimeng'enya kinachoigeuza glukosi kuwa tindikali. Sukari ikizidi, tindikali huzaliwa ndani ya jeli yenyewe. Jeli ikatanuka, insulini ikatoka. Sukari ikishuka, tindikali hupungua na mlango hufungwa. Wengine wakatumia asidi ya boroni iliyoungwa na nyuzi, ambayo huishika glukosi moja kwa moja bila ya kimeng'enya. Kwa fikira, ni jambo zuri kupita kiasi, kwani hivyo ndivyo kongosho lililo zima lifanyavyo kazi yake mchana na usiku bila ya mwenyewe kujua. Kwa vitendo, bado. Jeli hujibu polepole kuliko sukari ipandavyo baada ya chakula, na nyingine haziufungi mlango barabara, zikavuja insulini hata sukari inaposhuka. Mpaka leo hakuna insulini ya jeli ijibuyo sukari iliyopata idhini ya kuuzwa kuwa dawa ya watu.

Twalikariri jambo hili kwa makusudi. Katika chuo chetu yumo mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye kisukari kile cha utotoni, ambacho kongosho halitoi insulini kabisa. Hudungwa mara nne kwa siku, na mikoba yake ni miwili, wa msahafu na wa sindano. Siku moja bibi yake alitujia na chupa aliyouziwa na mchuuzi, akasema, "Mwalimu, naambiwa hii ni insulini ya kumeza, yatoka ng'ambo, na mtoto atapumzika na masindano." Tukamwambia, "Bibi, Mungu akuhifadhi, hiyo isimkaribie mtoto. Insulini ya kumeza ya namna hiyo haijauzwa duniani, sembuse sokoni kwetu." Alikaa kimya, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ni haramu kutumai. Si haramu, nasi twatumai pamoja naye. Lakini mtoto wa namna ile akikosa insulini hata siku moja au mbili damu yake huingia sumu, na wengi hufa kwa sababu hiyo. Vidonge vya kisukari wavimezavyo watu wazima, kama metformini, ni dawa nyingine kabisa. Si insulini, wala havimfai mtoto huyo badala ya sindano.

Mahali ambapo chembe za jeli zimekwisha kutoka katika maabara zikaingia hospitali ni katika saratani ya ini. Hapa ufunguo ni chumvi, kama katika bilauri yetu. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii Waingereza walitoa chembe za jeli ziitwazo DC Bead, zenye upana wa maikromita mia moja hadi mia kadhaa, zilizo na umeme hasi. Dawa ya saratani iitwayo doksorubisini ina umeme chanya, na rangi yake ni nyekundu. Mfamasia huzichanganya katika kichupa, na kwa muda wa saa moja au zaidi huona maji yaliyokuwa mekundu yakitakata, na chembe zilizokuwa hazina rangi hii zikiwa nyekundu: dawa yote imeingia ndani na kushikwa. Kisha tabibu hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinenani au wa mkononi, akauongoza kwa picha za eksirei mpaka katika mshipa uulishao uvimbe ndani ya ini, akazimimina chembe. Huko chembe huziba njia ya damu, uvimbe ukakosa chakula. Na chumvi za damu hubadilishana nafasi na dawa, nayo ikatoka kidogo kidogo kwa siku nyingi, palepale penye maradhi.

Kwa nini njia hii yawezekana kwa ini? Kwa kuwa ini lina milango miwili ya damu. Sehemu nzima ya ini hupata damu yake nyingi kutoka kwa mshipa mkuu utokao matumboni, na uvimbe wa saratani hupata karibu yote kutoka kwa ateri. Ukiziba njia ya ateri iendayo kwenye uvimbe, wamnyima adui na jirani anaendelea kula.

Je, zimeshinda njia ya zamani ya kuchanganya dawa na mafuta? Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2010, yaliyofanywa Ulaya kwa wagonjwa 212, uvimbe ulipungua au kutoweka kwa wagonjwa 52 katika mia waliopewa chembe, na 44 katika mia waliopewa njia ya zamani. Tofauti hiyo, kwa kanuni za hesabu, haikutosha kuthibitisha ushindi. Kilichothibiti ni kwamba madhara makali ya ini na madhara ya dawa yenyewe yalipungua kwa waliopata chembe. Twaona hilo si dogo. Aliyewahi kukaa na mgonjwa wa saratani ajua kwamba pengine dawa humtesa kuliko uvimbe. Hata hivyo tiba hii yataka mitambo na mikono iliyozoea, na nchi zetu nyingi zina hospitali chache za namna hiyo. Saratani ya ini kwetu hutokana sana na homa ya ini aina ya B, ambayo chanjo yake ipo, na na sumu ya ukungu iotayo katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa hali zina unyevu. Mwenye ghala aanze hapo.

Twajua kwamba baadhi ya wasomaji wataka kujua jeli hizo zimetoka wapi, na wana haki ya kuuliza. Jelatini nyingi duniani hutokana na ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe, nayo ndiyo hufanya maganda laini ya vidonge vingi. Hata insulini yenyewe kwa miongo mingi ilitolewa katika makongosho ya nguruwe na ng'ombe, mpaka ilipopatikana ile itokanayo na bakteria, iliyopata idhini Marekani mwaka 1982. Lakini chembe tulizozieleza si za jelatini. Za Peppas na zile za ini hutengenezwa kwa kemia, na alijinati hutoka baharini. Mwani wa Unguja, ulimwao na akina mama wa Paje na Jambiani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ni wa jamii nyingine, nao hutoa karajini, ambayo ni jeli pia na hutumika katika vyakula na dawa. Kitozani, itokayo katika maganda ya kamba na kaa, nayo yachunguzwa sana kwa kazi hii. Kwa dawa yenye jelatini, mfamasia aweza kuulizwa asili yake. Na hukumu yake kwa mgonjwa asiye na badala, twawaachia wanazuoni, ambao wamekwisha kuizungumza.

Limebaki moja, nalo limo katika makabati ya nyumba nyingi. Viko vidonge vya metformini vilivyoandikwa herufi XR au SR baada ya jina. Hivyo ndani yake mna nyuzi za jeli: kikifika tumboni hunywa maji, kikavimba, na dawa hupenya polepole kwa saa nyingi, hata mgonjwa akatosheka na kumeza mara moja kwa siku badala ya mbili au tatu. Kidonge cha namna hiyo kimezwe kizima. Mwenye kukitwanga kwa ajili ya mzee asiyeweza kumeza, au kukitafuna kwa haraka ya daku, ameuvunja wavu, na dawa ya siku nzima itamshukia kwa pamoja. Amwendee tabibu ambadilishie. Na mgonjwa akiona katika choo chake kitu laini chenye umbo la kidonge, asidhani kwamba dawa haikufanya kazi, wala asimeze kingine: ni ganda la jeli lililokwisha kuitoa amana yake.